Denis Burkitt: munganga wa jicho moja aliyefuata kansere ya watoto na ramani mkononi

Likasi inawajua watu wa Ayalandi. Septemba 1961, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, askari karibu 150 wa Ayalandi waliokuwa chini ya ONU walizungukwa hapa na jeshi la Katanga. Walipigana siku tano, kisha maji na risasi vikawaishia, wakakamatwa wote. Wazee wangali wanaihadithia.

Wiki chache baadaye, Oktoba ya mwaka uleule, mtu mwingine wa Ayalandi aliondoka Kampala na motokari kuukuu, akashika njia ya kusini. Huyu hakuwa askari. Alibeba picha za watoto waliovimba mataya, na kila lopitalo aliyoikuta njiani aliingia na kuwauliza wanganga swali moja: ugonjwa huu mmekwisha kuuona hapa? Jina lake Denis Burkitt. Ugonjwa aliokuwa anaufuata njo huu unaoitwa kwa jina lake mpaka leo, na watoto wa mashariki mwa Kongo wangali wanaugua.

Wazazi waliouona hawausahau. Mtoto ana miaka 5, 6 au 7. Shavu linaanza kuvimba, meno yanalegea. Watu wanafikiri ni jino tu, linang'olewa, lakini uvimbe hauachi kukua. Unaweza kushika upande mmoja wa taya au pande zote mbili, unaweza kusukuma jicho nje. Kwa watoto wengine tumbo njo linajaa. Hakuna kansere nyingi zinazokimbia namna hii: uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Mwendo wake ule unatisha, na ndiyo maana katika familia nyingi swali la kwanza linakuwa nani amemfanyia mtoto hivi.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ayalandi. Baba yake, James, alikuwa injinia wa barabara, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Alikuwa anawavalisha ndege wadogo wa kifua chekundu pete mguuni, kisha anachora kwenye karatasi kila mmoja anaishi wapi na mpaka wake unaishia wapi. Watu wa vitabu vya ndege wanamheshimu kwa kazi ile. Mtoto alikua anaona mambo hayo nyumbani, na baadaye itaonekana hayakupotea bure.

Akiwa na miaka 11, jiwe lilimpiga usoni katika mchezo wa watoto, akapoteza jicho la kuume. Aliingia chuo cha Trinity, Dublin, mwaka 1929 kusoma uinjinia kama baba yake, akaacha, akageukia unganga. Alimaliza mwaka 1935, na kufikia 1938 alikuwa munganga wa kupasua mwenye cheti cha Edinburgh. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi walimkatalia shauri ya jicho. Jeshi la Uingereza halikuwa na uchaguzi mwingi wakati wa vita: lilimchukua mwaka 1941, na kwa njia ile akafika Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimuoa Olive Rogers. Vita ilipoisha aliomba tena kazi Afrika, na mwaka 1946 akatumwa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa nchi. Kule alipasua wanaume wengi wenye busha, yaani mfuko wa mapumbu kujaa maji. Kazi ya kila siku, hakuna munganga angeiandikia barua. Yeye aliona kwamba wagonjwa wengi wanatoka upande wa mashariki wa wilaya, wa magharibi ni wachache sana. Akauliza kwa nini. Busha ile inaletwa na minyoo midogo inayobebwa na mbu, na mbu wale hawako sawa kila mahali. Ilikuwa ramani yake ya kwanza ya ugonjwa, miaka 10 na zaidi kabla ya ile iliyompa jina.

Mwaka 1957 alikuwa Kampala, katika lopitalo kubwa ya Mulago. Munganga mwenzake, Hugh Trowell, alimuita aangalie mtoto wa miaka 5 aliyevimba mataya yote, juu na chini, kushoto na kuume. Burkitt hakuelewa. Maambukizo ya mfupa hayashiki pande nne kwa pamoja, na kansere vilevile haikuwa na tabia ile katika vitabu alivyosoma. Muda si mrefu alikuwa lopitalo ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akaona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka kwenda kumpima, akakuta na tumboni kuko uvimbe. Mtoto mmoja unaweza kusema ni ajabu tu. Wawili ni jambo la kutafutwa.

Alirudi kwenye madaftari ya lopitalo. Wagonjwa walikuwa wengi, tena wa tangu zamani. Shida ni kwamba kila munganga alikuwa ameona kipande chake: wa meno aliandika taya, wa macho aliandika jicho, mwingine figo, mwingine ini. Burkitt alisema ni ugonjwa mmoja. Aliuandika mwaka 1958 katika gazeti la wanganga wa kupasua la Uingereza, na karibu hakuna aliyemjibu. Wataalamu wa Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, waliangalia vipande vya uvimbe kwa hadubini, wakaonyesha kwamba inaanzia katika chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili.

Sasa alitaka kujua uko wapi na hauko wapi. Kwa pesa kidogo sana alichapisha karatasi zenye picha, akazituma kwa posta kwenye lopitalo za Afrika nzima, na kila jibu likawa alama kwenye ramani ukutani. Alama zilijipanga kama mkanda unaokata bara katikati, kushoto na kuume ya ikweta, na mkia mmoja unateremka pwani ya mashariki mpaka Msumbiji.

Barua hazikumtosha. Njo safari ile ya Oktoba 1961. Walikuwa watatu: Burkitt, Ted Williams, munganga wa misheni aliyejua pia kufungua mashini ya motokari, na Cliff Nelson. Gari walilinunua kwa pauni 250, limekwisha kutumika miaka. Waliteremka mpaka Afrika Kusini wakarudi: wiki 10, kilometa 16,000 hivi, karibu lopitalo 60. Leo mtu angeomba bajeti ya miaka mitatu kwa kazi ile.

Walichokiona ni kwamba mkanda hauna mpaka wa kawaida. Karibu na ikweta ugonjwa unaishia kwenye urefu wa meta 1,500 hivi. Ukiteremka kusini, kikomo kinashuka polepole, mpaka unaukuta paka kwenye nchi za chini, mabondeni na pwani. Burkitt alifikiri amepata ugonjwa unaoogopa milima. Alexander Haddow, mkubwa wa kituo cha virusi cha Entebbe, alimsahihisha: si urefu, ni baridi. Mahali ambapo joto linashuka chini ya digrii 16 hivi, au mvua ni haba, ugonjwa haupatikani. Na viumbe vinavyotaka joto na maji namna ile vinajulikana na kila mtu aliyelala bila chandarua.

Ukiweka ramani ile juu ya mashariki mwa Kongo utaona inavyosema. Likasi iko kwenye meta 1,300 hivi na iko mbali kusini, asubuhi za Juni na Julai kila mtu anatafuta koti; kwa hesabu ya Burkitt iko ukingoni au nje kidogo. Moba na Uvira kando ya Tanganyika, Manono, Kongolo, Kasongo, ni nchi za joto, ziko ndani. Lakini ramani inasema wapi watoto wengi wanaugua, haisemi kwamba mtoto wa mjini hawezi. Na watu wanahama.

Kabla ya safari, Machi 1961, Burkitt alikuwa amezungumza juu ya ugonjwa huu katika lopitalo moja ya London. Alikaa kusikiliza kijana mmoja mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Alipoona habari za joto na mvua alihisi kuko virusi ndani, wakapatana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndeke kutoka Kampala. Karibu miaka mitatu hakuona kitu. Desemba 1963 ndeke ilishindwa kutua London shauri ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilichelewa, na kilipofika maji yake yalikuwa mazito kama yameoza. Wangeweza kutupa. Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akakuta si uozo: ni chembe za kansere, hai, zinaelea moja moja. Chembe zile yeye na Yvonne Barr waliziotesha katika labo, na Februari 1964 virusi ilionekana ndani. Inaitwa Epstein-Barr, kwa majina ya wawili hao. Mtoto wa Uganda aliyetolewa kipande kile hakupewa nafasi kubwa katika hadithi hii, na ni haki kusema hivyo.

Hapo watu walidhani mambo yamekwisha. Kumbe hapana. Virusi ile iko duniani kote, inapita kwa mate, na karibu kila mtu mzima wa Likasi, wa Paris au wa Beijing anayo bila kujua. Kama yenyewe njo inaleta kansere, mbona si kila mtoto? Miaka ya 1972 mpaka 1974, upande wa West Nile wa Uganda, karibu na Ituri, watafiti walikusanya damu ya watoto karibu 42,000, wakaiweka, wakangoja. Wale wachache walioshikwa na ugonjwa baadaye walikutwa, katika damu ya zamani, na alama za virusi hii nyingi kupita wenzao. Kwa hiyo ina mkono wake. Haiko peke yake.

Mwenzake ni malaria, jambo ambalo ramani ilikuwa inaonyesha tangu mwanzo. Mtoto anayepata malaria tena na tena, mwili wake unatoa chembe nyeupe kwa wingi ili zipigane. Nyingine tayari zina virusi ndani, na virusi inazisaidia zisife. Chembe zinazogawanyika kwa haraka zinakosea. Mwaka 1972 wataalamu wa Bulgaria waliokuwa wanafanya kazi Sweden, mume na mke Manolov, waliona kwamba katika chembe za ugonjwa huu kromosomu moja, namba 14, ina kipande kisicho chake. Mwaka 1976 ilijulikana kimetoka kwenye namba 8. Na mwaka 1982 ilionekana katika kipande kile kuko jeni moja, MYC, ambayo kazi yake ni kuamuru chembe igawanyike. Kwa kawaida ni jeni mpole, inasema pale inapotakiwa. Ikikatika na kubandikwa kwenye namba 14, inakuwa kama mtu mpole aliyehamishiwa chumba ubavuni mwa baa isiyofungwa usiku wala mchana. Hailali tena. Na chembe haziachi kugawanyika.

Mkato ule hautoki kwa baba wala kwa mama. Mtoto hazaliwi nao, hauambukizwi, hapana mtu aliyeutuma. Ni virusi ya kila mtu, malaria ya kila mtu, na ajali ndani ya chembe moja. Jibu hili ni gumu kwa mama aliye kitandani na mtoto wake, kwani mtu wa kulaumu ni rahisi kumshika kuliko bahati mbaya.

Burkitt mwenyewe alikuwa mtu wa kisu, lakini aliona mapema kisu hakisaidii: unaharibu uso wa mtoto, na uvimbe unarudi. Uganda haikuwa na mashini ya miale. Alibaki na dawa, zilizokuwa mpya wakati ule: methotrexate, cyclophosphamide, vincristine. Alitoa kidogo tu, pengine mashindano machache, na uvimbe ulikuwa unayeyuka kwa siku chache. Wengine walirudi na uvimbe uleule. Wengine walipona kabisa, jambo ambalo wanganga wengi wa dunia hawakuliamini kuhusu kansere yoyote. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huu kilifunguliwa Kampala, na kikakua kuwa taasisi ya kansere ya Uganda. Dawa zilezile njo zingali msingi mpaka leo. Katika nchi tajiri watoto karibu 9 kati ya 10 wanapona. Huku wengi wanafika wamechelewa, au wazazi wanaishiwa pesa kabla ya shindano la mwisho.

Aliondoka Uganda mwaka 1966 na kuanza jambo lingine kabisa: kwa nini Wazungu wana magonjwa ya utumbo ambayo karibu hakuyaona Mulago. Alisema ni chakula kilichokobolewa sana. Alizunguka akihubiri nyuzinyuzi, akipima hata uzito wa choo cha watu, na kitabu chake cha mwaka 1979 kilimfanya ajulikane kuliko kansere. Mambo mengine aliyoyasema wakati ule hayakusimama mbele ya utafiti, lakini mtu wa sombe na maharagwe hana ugomvi naye.

Denis Burkitt alifariki Gloucester, Uingereza, tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82. Alikuwa amekwisha kuona virusi, malaria na jeni MYC vikiwekwa pamoja na wengine, juu ya ramani aliyoianza yeye.