Tom Campbell Black: rubani wa mashindano aliyefia ardhini, ndege yake ikabaki hewani

KAMINA – Tarehe 19 Septemba 1936, katika kiwanja cha ndege cha Speke, mjini Liverpool nchini Uingereza, ndege ndogo ya mashindano yenye kiti kimoja ilikuwa ikitembea ardhini, ikielekea mahali pa kupaa. Ndege ya kijeshi iliyokuwa inatua ikaigonga, na propela yake ikafika hadi pale rubani alipokaa. Rubani huyo, Tom Campbell Black, alifariki muda mfupi baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Ni kifo ambacho hakuna aliyekitazamia kwa mtu kama yeye. Miaka miwili kabla, alikuwa amevuka karibu nusu ya dunia kwa siku tatu na kushinda mbio kubwa kuliko zote za ndege za wakati ule. Mwaka mmoja kabla, aliruka kwa parachuti juu ya Sudan na kutoka mzima. Ajali iliyomuua ilimkuta akiwa bado chini, siku 10 kabla ya mashindano mengine, ya kutoka Uingereza hadi Johannesburg.

Hapa Kamina, mji wa reli na wa base ya kijeshi, watu wengi wanaijua ndege kwa sauti kabla ya kuiona. Lakini tunapoongea juu ya ndege, mara nyingi tunamtaja rubani peke yake. Maisha ya Campbell Black yanaonyesha upande mwingine. Ndege ya mashindano inaanza kushinda au kushindwa ikiwa bado ardhini, mikononi mwa mafundi, na kwa makuta ya watu ambao hawatapanda ndani yake hata siku moja.

Kutoka shamba la kahawa

Campbell Black alizaliwa Desemba 1899 huko Brighton, kusini mwa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumika katika kikosi cha anga cha jeshi la majini, kisha katika jeshi la anga la nchi yake. Vita vilipokwisha akahamia Kenya, iliyokuwa koloni la Waingereza, akalima kahawa Rongai, katika Bonde la Ufa. Shamba halikumshika muda mrefu. Ndege zilipoanza kuonekana Nairobi, alirudia kazi aliyoijua vitani.

Mwaka wa 1929 yeye na mjane mmoja tajiri, Florence Kerr Wilson, walianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi. Mama Wilson alitoa pesa. Campbell Black alileta ujuzi, akawa msimamizi na rubani mkuu. Walianza na ndege moja ndogo. Kidogo kidogo kampuni ikabeba barua na abiria katika Afrika ya Mashariki, na hadi leo kiwanja cha pili cha ndege cha Nairobi kinaitwa Wilson. Tusisahau kwamba hiyo ilikuwa Afrika ya wakoloni: huduma ile ilikuwa kwanza ya serikali ya kikoloni na ya walowezi, na kiti cha rubani hakikuwa cha Mwafrika.

Huko Nairobi ndiko alikomfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Mwanafunzi huyo alivuka bahari ya Atlantiki peke yake mwanzoni mwa Septemba 1936, kutoka Uingereza hadi Kanada, wiki mbili tu kabla ya kifo cha mwalimu wake. Mwaka wa 1931 Campbell Black alijulikana pia kwa kumwokoa rubani maarufu wa Ujerumani, Ernst Udet, ambaye ndege yake ilikwama katika vinamasi vya mto Nile, kusini mwa Sudan. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza kuwa rubani wa tajiri mmoja, Lord Furness.

Mbio za kilomita 18,000

Mwaka wa 1934 MacPherson Robertson, tajiri wa viwanda vya pipi na chokoleti huko Melbourne, Australia, alitoa zawadi kwa ajili ya mbio za kutoka Uingereza hadi mji wake. Umbali ulikuwa karibu kilomita 18,200. Mshindi wa kwanza angepata pauni 10,000.

Waingereza walikuwa na tatizo moja: hawakuwa na ndege ya kufaa. Kiwanda cha de Havilland kikakubali kutengeneza ndege mpya kabisa, DH.88 Comet, na kuiuza kwa pauni 5,000, bei ambayo haikurudisha gharama zake. Ndege tatu ziliagizwa. Moja ilinunuliwa na mume na mke, marubani Jim Mollison na Amy Johnson. Ya pili ilikuwa ya tajiri Bernard Rubin. Ya tatu ililipiwa na A. O. Edwards, mkurugenzi wa hoteli ya Grosvenor House ya London, naye akaipa ndege jina la hoteli yake. Campbell Black na mwenzake C. W. A. Scott walipewa kuirusha. Wao hawakuwa na ndege. Walikuwa na mikono na uzoefu.

Mafundi walikuwa na miezi michache tu. Comet ilitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi, ikawekwa injini mbili na matangi makubwa ya mafuta mbele ya marubani. Magurudumu yalikunjwa kwa kuzungusha usukani mdogo kwa mkono. Propela zake zilikuwa na hali mbili, moja ya kupaa na nyingine ya mwendo wa kasi. Kabla ya kuondoka, fundi alizirudisha kwenye hali ya kupaa kwa kuzijaza hewa kwa pampu ya baiskeli. Kasi ikiongezeka angani, hewa hiyo ilitoka na propela zikabadilika zenyewe. Rubani hakuweza kuzirudisha mpaka atue. Comet ya kwanza iliruka tarehe 8 Septemba 1934, wiki sita tu kabla ya mbio.

Mashindano yalianza tarehe 20 Oktoba huko Mildenhall, yakiwa na ndege 20. Ilikuwa lazima kutua Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville. Mollison na Johnson walianza vizuri sana, lakini ndege yao iliharibika na safari yao ikaishia Allahabad, India. Scott na Campbell Black waliendelea, wakipokezana, bila usingizi wa maana. Juu ya bahari kabla ya Darwin injini moja ilipoteza nguvu ya oili, wakamaliza kipande hicho kwa injini moja. Huko Darwin mafundi waliishughulikia, ndege ikaondoka tena. Tarehe 23 Oktoba walipita mstari wa mwisho mjini Melbourne. Safari nzima ilichukua saa 71 hivi.

Ndugu yake alifika Kongo

Comet ya Rubin nayo ilifika Melbourne, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi Wakongomani. Desemba mwaka ule ule, Mwingereza Ken Waller na Mbelgiji Maurice Franchomme waliirusha kutoka Brussels hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikiwa imebeba barua za Noeli. Walirudi Ubelgiji kabla ya mwaka kwisha. Mwaka wa 1925 Edmond Thieffry, rubani wa kwanza kutoka Ubelgiji hadi Léopoldville, alihitaji siku 51 kwenda tu.

Campbell Black mwenyewe alitaka kuifungua njia ya Afrika hadi mwisho wake. Septemba 1935 aliondoka na mwenzake McArthur kwa Comet nyingine, iliyoitwa Boomerang, wakijaribu kufika Cape Town kwa muda mfupi kuliko wote waliotangulia. Propela ilileta hitilafu juu ya Sudan. Wakaruka kwa parachuti, ndege ikaanguka.

Mwaka wa 1936 alipata nafasi mpya. Tajiri wa Johannesburg, I. W. Schlesinger, alitoa pauni 10,000 kwa ajili ya mbio za kutoka Portsmouth hadi mji huo. John Moores, mfanyabiashara wa Liverpool, alimpatia Campbell Black ndege ya aina ya Mew Gull, nayo ikaitwa Miss Liverpool. Ndiyo ndege iliyogongwa Speke.

Mbio zilianza bila yeye tarehe 29 Septemba, na ndege 9 ziliondoka. Moja tu ilifika Johannesburg, na mmoja wa marubani wake alikuwa Scott, mwenzake wa zamani. Ndege nyingine ilianguka Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, karibu na ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, ng'ambo ya mpaka wetu. Rubani Max Findlay na fundi wa redio walikufa. Ken Waller, yule aliyeleta barua za Noeli Léopoldville, alikuwa ndani, akapona.

Kwa michango na kazi ya kujitolea

Ndege ya ushindi, Grosvenor House, ilipita katika mashaka yake. Jeshi la anga liliichukua kuijaribu, ikapata ajali, ikauzwa kama chuma chakavu. Mafundi wa Gravesend waliifufua. Mwaka wa 1937 ilikwenda Cape Town na kurudi, na mwaka wa 1938 ikafika New Zealand. Vita Kuu ya Pili vilipoanza ikasahauliwa. Mwaka wa 1965 ilipokelewa na makumbusho ya Shuttleworth huko Old Warden, kaskazini ya London. Iliruka tena mwaka wa 1987, baada ya kazi ndefu ya mafundi na watu wa kujitolea, pamoja na michango ya kampuni na wapenzi wa ndege. Mwaka wa 2002 miguu yake ilivunjika wakati wa kutua. Tarehe 1 Agosti 2014 ikapaa tena.

Ndege ya Mollison na Johnson, Black Magic, ilipatikana ikiwa mabaki kwenye shamba moja nchini Ureno mwaka wa 1979. Kikundi cha watu wa kujitolea kinaijenga upya huko Derby, kwa michango ya wapenzi wake.

Kazi ya namna hii ni ya subira. Vipuri haviuzwi tena, kwa hiyo kila kimoja kinachongwa au kufuliwa upya kwa kufuata michoro ya zamani. Gundi ya miaka ya 1930 inaoza ndani ya mbao, hivyo lazima bawa lifunguliwe, likaguliwe na kufungwa tena. Halafu mkaguzi wa serikali anapaswa kukubali kila hatua kabla ndege haijaruhusiwa kupaa. Makuta yanahitajika kabla ya mtu yeyote kusikia injini ikiunguruma, na hakuna zawadi ya mashindano inayoyarudisha yote.

Base yetu ya Kamina haiko mbali na historia hii. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji walifundisha hapa marubani wao kwa ndege za Harvard. Ndege za aina hiyo, ambazo Wamarekani wanaziita T-6, zilishindana kwa miaka mingi huko Reno, Marekani, hadi mashindano hayo yalipofungwa mwaka wa 2023. Nyingi zilitunzwa na timu ndogo za marafiki wanaofanya kazi bila mshahara. Fundi wa reli wa Kamina, anayetafuta kipuri cha mashine ambayo kiwanda chake kimeacha kuitengeneza, anaielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Campbell Black alikuwa ameoa mwaka mmoja tu kabla ya kufa. Mke wake alikuwa Florence Desmond, msanii wa tamthilia na filamu. Leo ndege aliyoshinda nayo iko Old Warden, imepakwa rangi nyekundu kama siku ya mbio, na ubavuni bado inabeba namba yake ya mashindano: 34.