Ayuba bin Suleiman na Msahafu Shingoni



Leo tunamkumbuka Ayuba bin Suleiman Diallo, Mfulani aliyezaliwa mwaka 1701 hivi katika nchi ya Bundu, Senegal ya leo. Baba yake alikuwa imamu, naye Ayuba alihifadhi Qur'ani yote angali kijana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1730 baba yake alimtuma kwenye mto Gambia, kwa nahodha wa Kiingereza, akauze watumwa wawili na kununua karatasi. Jambo hilo tusilifiche. Njiani kurudi yeye mwenyewe alitekwa. Watekaji walimnyang'anya upanga wake wa mpini wa dhahabu, wakamnyoa kichwa na ndevu aonekane mateka wa vita, kisha wakamuuza kwa nahodha yule yule.

Alipelekwa Maryland, Marekani, kwenye shamba la tumbaku. Aliposwali, mtoto wa kizungu alimkejeli na kumrushia uchafu usoni. Akatoroka, akakamatwa na kufungwa mwaka 1731. Gerezani hakuna aliyejua lugha yake. Lakini alitaja jina la Allah na la Mtume Muhammad (S.A.W.), akakataa mvinyo, akaandika Kiarabu. Hapo wakamtambua kuwa ni Muislamu na msomi.

Barua aliyomwandikia baba yake ilifika London badala ya Bundu. James Oglethorpe alipoisoma tafsiri yake, alimhurumia na kusimamia kukombolewa kwake. Mwaka 1733 Ayuba alifika Uingereza, na huko akaandika misahafu mitatu kwa kichwa, bila kutazama nakala yoyote.

Mchoraji William Hoare alipotaka kumchora, Ayuba alisita, akihofia picha isije ikaabudiwa. Alipokubali, alishikilia achorwe katika mavazi ya kwao. Katika picha hiyo anaonekana na kilemba, na shingoni amening'iniza msahafu. Mwaka 1734 alirejea Afrika akiwa huru, akakuta baba yake ameshafariki. Yeye alifariki mwaka 1773.

Ndugu zangu, upanga wa dhahabu ulichukuliwa siku moja. Ndevu zilinyolewa. Qur'ani iliyokuwa kifuani haikuguswa na mtu, ndiyo maana aliweza kuiandika upya na kuivaa shingoni. Basi kila mmoja wetu ajiulize: msahafu wangu ukichukuliwa leo, nitabaki na sura ngapi?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuihifadhi na kuifuata. Amin.