Dk. Burkitt na pumba tunazoziacha mashineni

Hapa Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, Mwenyezi Mungu ametujaalia chakula. Mpunga unatoka mashamba ya Usangu, mahindi na maharage yapo, na viazi vinateremka kutoka Matamba kwa ile barabara ya kona 57. Lakini simama kwenye mashine ya kusaga utaona jambo la kushangaza. Mtu anakuja na debe la mahindi, analipia kukoboa, kisha analipia kusaga. Unga mweupe unakwenda nyumbani kwake, pumba zinakwenda kwa ng'ombe na kuku. Baadaye mtu huyo huyo anasumbuliwa na kufunga choo au bawasiri, anakwenda kununua chupa ya dawa inayodaiwa kusafisha tumbo, kutoa sumu mwilini na kutibu maradhi chungu nzima.

Kwa sababu hiyo nimeona nieleze maisha ya daktari mmoja, Denis Burkitt. Najua wapo watakaouliza kwa nini mwalimu wa dini awaache Ibn Sina na Ar-Razi, amwandike Mkristo wa Ulaya. Jibu langu ni kwamba elimu yenye manufaa haina kabila. Na zaidi ya hapo, somo kubwa alilolitangaza duniani alilipata kwetu Afrika Mashariki, kwenye vyungu vya bibi zetu.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, Ayalandi. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akaacha na kuingia udaktari, akahitimu mwaka 1935, kisha akawa daktari wa upasuaji. Katika vita kuu ya pili alitumikia jeshi la Uingereza na akafika Afrika Mashariki. Mwaka 1946 akapelekwa Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Alikuwa na tabia moja ambayo ndiyo iliyomfikisha mbali. Akiona ugonjwa hakuridhika kujua ni ugonjwa gani, alitaka pia kujua uko wapi na wapi haupo. Alipokuwa Lira aliona mabusha ni mengi upande mmoja wa wilaya na machache upande mwingine, akachora ramani. Mwaka 1957 akaonyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Akafuatilia, akagundua kuwa ni saratani ya watoto ambayo haikuwa imeelezwa vizuri kabla yake. Akaandika habari zake mwaka 1958, na leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walinunua gari kuukuu wakasafiri kiasi cha maili 10,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wanawaona watoto wa aina hiyo. Waligundua kwamba ugonjwa uko zaidi kwenye maeneo ya joto na mvua yenye malaria, na hauonekani sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, wakitumia vipande vya uvimbe alivyowapelekea kwa ndege kutoka Uganda, wakagundua kirusi kinachohusika na saratani hiyo.

Sasa tuje kwenye chakula. Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza, na mwaka uliofuata akakutana na daktari mmoja wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyekuwa akidai kwamba maradhi mengi ya Wazungu yanatokana na sukari na unga mweupe uliokobolewa. Wengi walimpuuza Cleave. Burkitt alimsikiliza, kwa sababu alishangazwa na jambo ambalo alikuwa ameliona kwa macho yake. Kwa miaka 20 alikuwa akipasua wagonjwa Uganda, na ni mara chache mno alipokutana na kidole tumbo, mawe kwenye nyongo, bawasiri au saratani ya utumbo mpana kwa watu wa vijijini. Uingereza maradhi hayo yalijaa mawodini.

Akaandikia hospitali nyingi za misheni za Afrika na kwingineko kuuliza, na majibu yakafanana na aliyoyaona. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watu wa sehemu mbalimbali. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa takriban siku moja na nusu. Kwa mabaharia wa Uingereza kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt akasema tofauti ni nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya nafaka, maharage, matunda na mboga ambayo watu walidhani hayana kazi. Akatumia umri wake uliobaki kuzunguka duniani akilihubiri hilo, hadi alipofariki mwaka 1993.

Je, alikuwa sahihi kwa kila kitu? Hapana. Watu wa vijijini walitofautiana na Wazungu kwa mengi, si chakula tu. Walitembea na kulima kutwa nzima. Mwaka 2000 tafiti mbili kubwa za Marekani zilionyesha kuwa kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache hakukuzuia vivimbe vya utumbo kurudi. Lakini kiini cha hoja yake kimesimama. Mwaka 2019 uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kuwa wanaokula nyuzinyuzi nyingi wana vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko wanaokula kidogo, na kisukari, maradhi ya moyo na saratani ya utumbo mpana ni pungufu kwao pia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa karibu nusu yake.

Mwili unajitengeneza wenyewe kwa idhini ya Muumba. Ukuta wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi tumboni. Zikifika utumbo mpana, vijidudu vyema vilivyomo huzichachusha na kutoa asidi ambazo ni chakula cha ukuta huo. Aidha huvuta maji na kulainisha choo, na huzuia sukari kuingia kwenye damu kwa kasi. Chupa ya kusafisha tumbo haiwezi kufanya kazi hiyo kila siku, lakini dona na maharage yanaweza.

Sisi Waislamu tusione haya ni mageni. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kutoka kwa Sahl bin Saad (r.a.) kwamba nyumba za Mtume (S.A.W.) hazikutumia chekeche, shayiri ilisagwa, ikapulizwa, makapi yaliyoruka yakaruka na yaliyobaki yakaliwa. Leo mgeni akija tunaona aibu kumwekea ugali wa dona, tunasema ni chakula cha shule ya bweni. Aibu hiyo inatugharimu fedha mashineni na afya mwilini.

Hata hivyo nisisomwe vibaya. Burkitt huyu huyu aliyesifu chakula cha mwanakijiji hakuwaambia wazazi wa Mulago wawape watoto wao wenye saratani uji wa dona. Aliwapa dawa kali za hospitali, na baadhi yao wakapona. Mwenye kisukari asiache dawa zake, na anayeona damu kwenye choo aende akapimwe. Pia dona litokane na mahindi makavu yaliyohifadhiwa vizuri, kwani mahindi yenye ukungu yana sumukuvu inayodhuru ini.

Nawashauri akina baba wanaotoa fedha za kusaga, akina mama wanaopika, na walimu wenzangu wenye madrasa zinazolisha watoto: anzeni na debe moja bila kukoboa. Unga utakuwa mwingi zaidi na gharama itapungua. Kwenye futari, kunde, maharage, viazi vitamu na mboga za majani vitangulie mbele ya maandazi na sukari. Anayeshawishika kununua chupa ya miujiza, kwanza aangalie gunia la pumba lililobaki mashineni, maana huenda dawa anayoitafuta ameiacha humo.