Suzanne Noël na Kisu Kidogo

Wako watu ambao wakisikia mtu amekwenda kwa tabibu kuinuliwa nyusi hucheka, wakamhukumu kuwa hana kazi ya kufanya. Nami nilikuwa miongoni mwao hata nilipoyajua maisha ya Suzanne Noël.

Bibi huyu alizaliwa Laon, Ufaransa, mwaka wa 1878, akaanza kusomea udaktari akiwa tayari ameolewa. Inasimuliwa kwamba mnamo 1912 mwigizaji mashuhuri Sarah Bernhardt alirejea kutoka Marekani akiwa ameondolewa ukanda wa ngozi ndani ya nywele. Paji la uso lilikuwa limenyooka na macho yamefunguka, ilhali mashavu yalibaki vile vile. Noël akaanza kujifinya uso wake mwenyewe kwa vidole, apate kujua ngozi ivutwe wapi ili mkunjo upi upotee.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alihudumia askari walioharibika nyuso. Vita vilipokwisha, njia zilikuwa mbili: kuchana mchano mrefu na kuondoa ngozi nyingi kwa mara moja, au kukata vipande vidogo kwenye mpaka wa nywele, na kurudia baadaye ikibidi. Akachagua ya pili. Mgonjwa alitiwa ganzi tu, akashonwa, kovu likafichwa na nywele, akarudi kwake siku ile ile. Kasoro ni kwamba matokeo hayakudumu sana. (Wapasuaji wa miaka ya 1990 nao waliyarudia matundu madogo, safari hii wakiongozwa na kamera nyembamba.)

Je, wagonjwa wake walikuwa nani? Si matajiri peke yao. Walikuwamo wanawake waliopoteza kazi kwa sababu ya makunyanzi, na mtu wa namna hiyo hana majuma ya kujilaza akingoja kidonda kipone. Asiyekuwa na fedha alitibiwa bure. Kitabu chake cha 1926 kilieleza manufaa ya upasuaji wa urembo katika jamii. Kama kuna wa kulaumiwa hapa, kwa maoni yangu, ni waajiri wale.

Mwaka wa 1924 alianzisha klabu ya Soroptimist ya wanawake wenye taaluma mjini Paris. Alipigania pia haki ya wanawake kupiga kura, iliyopatikana Ufaransa mwaka wa 1944, miaka 10 kabla ya kifo chake.