Dk Williamson: Mkanada aliyelamba dume Mwadui, akaicheza taratibu

Bariadi. Waliowahi kukaa kijiweni wakacheza karata kwa dau la soda au vocha wanajua kitu kimoja: kulamba dume ni bahati, ila kulicheza ndiyo kazi. Ukilitupa mezani kwa pupa, wenzako wanastuka, wanajitoa, unaondoka na vijisenti. Ukilificha kupita kiasi, mchezo unaisha dume likiwa bado mkononi.

Kanda ya Ziwa ni vigumu kumpata mtu aliyewahi kushika karata kubwa kama Dk John Williamson, mwanajiolojia wa Canada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Alifariki Januari 1958, lakini namna alivyoicheza karata ile bado ina somo, hasa kwa watu wa Simiyu.

Mwadui ni jirani

Mwadui iko Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Ukitoka Bariadi kwa basi, ukapita Maswa mpaka Mwigumbi, tayari umeshaingia Kishapu. Na enzi za Williamson hakukuwa na Simiyu. Mkoa huu umeanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya Shinyanga. Kwa hiyo hii siyo habari ya mbali, ni ya nyumbani.

Alianza bila kitu

Williamson alizaliwa mwaka 1907 Montfort, Quebec. Alisoma jiolojia Chuo Kikuu cha McGill hadi akapata shahada ya uzamivu, kisha akaja Afrika kutafuta madini. Alianzia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, halafu akahamia Tanganyika kufanya kazi kwenye kampuni iliyokuwa ikitafuta almasi eneo la Mabuki, upande wa Misungwi.

Kampuni ilipokata tamaa, yeye akabaki. Hapo ndipo msoto ulipoanza. Malaria ilimsumbua, hela ilikata. Aliyemwokoa ni wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, Iqbal Chand Chopra, aliyemkopesha fedha na baadaye kuwa mbia wake.

Machi 1940 akaipata Mwadui. Wapo wanaosimulia kwamba jiwe la kwanza liliokotwa chini ya mbuyu. Iwe kweli au hadithi ya kunogesha, kilichokuwa ardhini hakikuwa jiwe moja. Ulikuwa mwamba mzima wenye almasi, unaotandaa kwenye hekta 146 hivi, moja ya miamba mikubwa zaidi ya aina hiyo kuwahi kuchimbwa duniani.

Amelamba dume. Sasa alicheze vipi?

Kosa ambalo hakulifanya

Wengi tungefanya jambo rahisi: kuuza. Tungemtafuta tajiri, tukasaini, tukala maisha. Na tajiri alikuwepo. De Beers, chini ya Ernest Oppenheimer, ndiyo iliyokuwa ikilishika soko la almasi duniani, mzigo ukikusanywa na kuuzwa kupitia London. Mgodi wa ukubwa ule nje ya himaya yao ulikuwa tishio.

Williamson hakuuza mgodi. Aliuendesha mwenyewe na Chopra, umiliki ukabaki kwa watu wachache sana. Hakuwa na kundi kubwa la wanahisa wa kumpigia kelele wakitaka gawio kila mwaka. Kumbuka hilo, maana ndiyo siri ya mchezo wote.

Wachezaji wa poka, mchezo ambao siku hizi vijana wanaucheza hadi kwenye simu, huwa na swali moja wakishika karata kali: niweke dau kubwa niwatishe, au niweke dogo dogo ili waendelee kunilipa? Almasi ina swali hilohilo. Bei yake inasimama kwa sababu mawe hayamwagwi sokoni yote kwa pamoja. Angemwaga mzigo wote ili kuwakomoa De Beers, bei ingeporomoka na yeye mwenyewe angeumia.

Kwa hiyo alikubali kuuza kupitia kwao, kwa mgawo. Ila mkataba ulipofika mwisho na masharti yakawa hayamridhishi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifanya jambo lililowakosesha usingizi: aliendelea kuchimba, akaacha kuuza. Mawe yakawa yanarundikana Mwadui.

Hakuhitaji kutukana wala kutishia. Rundo lenyewe lilikuwa linaongea. Siku yoyote lingeweza kuingia sokoni kwa mlango mwingine. De Beers walikuwa wanamhitaji abaki ndani, na yeye alikuwa anahitaji bei iliyokuwa inalindwa na wao. Mwisho wakarudi mezani na kuelewana.

Angalia kilichomwezesha kusubiri: hakuwa na njaa. Aliyebanwa na deni hawezi kukalia mzigo wake hata kama ni almasi.

Jiwe moja la kuonyesha

Kuna karata moja aliyoifunua hadharani. Oktoba 1947 mgodi ulitoa almasi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, iliyofungwa mwezi uliofuata. Jiwe lilichongwa likabaki na karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikalitengenezea bruchi yenye umbo la ua.

Kibiashara, lilikuwa jiwe moja tu. Ila kila picha ya malkia akiwa nalo ilikuwa tangazo la Mwadui.

Mchezaji alipoondoka

Mwadui ilikua kuwa mji kamili: hospitali, shule, uwanja wa ndege, nyumba za wafanyakazi. Lakini maamuzi makubwa yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, asiyeoa, na aliyekuwa anaumwa saratani ya koo. Alifariki Januari 8, 1958 akiwa na miaka 50. Amezikwa Mwadui.

Ndugu zake wakarithi. Karata ilikuwa ileile, mwamba uleule. Kilichopungua ni mtu wa kusubiri. Mwaka huohuo mgodi ukauzwa kwa takriban pauni milioni 4, nusu kwa De Beers, nusu kwa Serikali ya Tanganyika, iliyokuwa bado ya kikoloni. Alichokikataa Williamson kwa takriban miaka 18 kilitimia ndani ya mwaka mmoja.

Baadaye Serikali ya Tanzania huru iliuchukua mgodi wote, kisha De Beers wakarudi mwaka 1994 wakiwa na asilimia 75, Serikali ikibaki na 25. Mwaka 2009 hisa za De Beers zikaenda kwa Petra Diamonds.

Ambao hawakuwa mezani

Habari hii ina upande ambao sifa za Williamson huwa zinaufunika. Ardhi ilikuwa ya Wasukuma. Sheria ya kikoloni iliyaweka madini mikononi mwa serikali, serikali ikatoa leseni, na wenyeji wakaingia mgodini kama vibarua na walinzi. Wakati Mwadui na London wanavutana kuhusu bei, wenye ardhi hawakuwa na kiti. Huwezi kulaumiwa kwa kucheza vibaya karata ambayo hukugawiwa.

Leo mambo yamebadilika kiasi, na Simiyu ina karata zake. Dutwa, hapa Bariadi, kuna nikeli iliyofanyiwa utafiti na kampuni ya Uingereza ya African Eagle tangu miaka ya 2000. Ipo pia pamba, zao ambalo mkoa huu unaongoza kulilima nchini.

Pamba ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi ugumu wa mchezo. Mkulima wa Itilima au Meatu anajua bei inaweza kupanda wiki zijazo. Lakini ana deni la viuatilifu, mtoto anataka sare, nyumbani chakula kimepungua. Anapeleka mzigo kwenye mizani siku ileile. Siyo kwamba hajui kucheza. Hana akiba ya kumwezesha kusubiri.

Ndiyo maana Williamson anafaa kukumbukwa kwa zaidi ya almasi ya malkia. Alionyesha kwamba dume peke yake halishindi. Linashinda likiwa na mtu anayeweza kukaa kimya, tumbo likiwa limeshiba, mpaka upande wa pili uje na bei. Nikeli ya Dutwa ikifika mezani, swali la kwanza kwa Bariadi siyo ina thamani gani. Ni nani atakayekuwa amekaa kwenye kiti, na anaweza kusubiri kwa muda gani.