Rani Lakshmibai wa Jhansi: Binti Aliyelelewa na Farasi

Katika mji mtakatifu wa Kashi, kando ya mto Ganga, alizaliwa mtoto wa kike ambaye wazazi wake walimwita Manikarnika, jina la ngazi mashuhuri za mto huo. Siku yake ya kuzaliwa huadhimishwa kila tarehe 19 Novemba, na mwaka uliozoeleka kutajwa ni 1828. Baba yake, Moropant Tambe, na mama yake, Bhagirathi, walikuwa Wabrahmini wa Kimaratha. Mama alifariki dunia mtoto angali mdogo sana, naye akalelewa na baba huko Bithur, karibu na Kanpur, katika baraza la Baji Rao wa Pili, Peshwa wa mwisho, ambaye Waingereza walikuwa wamemwondoa madarakani mwaka 1818.

Malezi yake hayakuwa ya kawaida kwa binti wa zama zile. Wenzake wa kucheza walikuwa wavulana wa kasri, akiwamo Nana Sahib, mwana wa kupanga wa Peshwa. Alifundishwa kusoma na kuandika, akafundishwa upanga na bunduki, na zaidi ya yote akafundishwa kupanda farasi. Peshwa alimpenda kwa uchangamfu wake, akampa jina la utani la Chhabili.

Mtoto mdogo hawezi kumshinda farasi kwa nguvu. Hana budi kujifunza kumtuliza kwa sauti, kumwongoza kwa mkono mwepesi juu ya hatamu, kuanguka na kupanda tena, mpaka mnyama na mpandaji wazoeane. Hiyo ndiyo shule aliyoisoma Manikarnika. Husimuliwa kwamba alishindana mbio na Nana Sahib, aliyemzidi umri, na kwamba siku mvulana alipoanguka na kuumia, ni yeye binti aliyempandisha juu ya farasi wake na kumrudisha nyumbani.

Mwaka 1842, angali binti mdogo, aliozwa kwa Raja Gangadhar Rao wa Jhansi. Ndoa ilifungwa katika hekalu la Ganesh mjini humo, naye akapewa jina jipya la Lakshmibai, kwa heshima ya mungu Lakshmi. Ujuzi wake wa farasi haukuachwa mlangoni mwa kasri. Sisi tulio katika biashara tunapenda kisa cha mchuuzi aliyemletea farasi wawili waliofanana kwa umbo na rangi. Rani aliwapanda wote wawili, kisha akamthamini mmoja kwa rupia 1,000 na mwingine kwa rupia 50 tu, kwa kuwa aligundua ana jeraha la ndani kifuani. Mchuuzi hakuwa na la kubisha.

Kisha misiba ikafuatana. Mwaka 1851 alijifungua mtoto wa kiume, akafa akiwa na miezi michache. Mwezi Novemba 1853 Raja aliugua, akampanga mtoto wa jamaa yake, aliyepewa jina la Damodar Rao, na muda mfupi baadaye akaaga dunia. Gavana Mkuu Dalhousie alikataa kumtambua mrithi huyo, na mwaka 1854 Jhansi ikatwaliwa na Kampuni ya Waingereza. Rani alipangiwa pensheni ya rupia 60,000 kwa mwaka. Alipeleka rufaa zake hadi London, zikakataliwa.

Mjane huyo hakujifungia ndani. Vishnubhat Godse, kuhani wa Kimaratha aliyekuwapo Jhansi siku za vita, ameacha kumbukumbu zinazoeleza jinsi Rani alivyofanya mazoezi ya mwili na kupanda farasi alfajiri, na jinsi alivyokwenda kuabudu katika hekalu la Mahalakshmi, mara kwa machela, mara juu ya farasi.

Mwezi Juni 1857 askari walioasi waliwaua Waingereza wa Jhansi. Rani alikana kuhusika, akaliongoza jimbo katika mtafaruku ule, lakini lawama haikumwondokea. Mwezi Machi 1858 Jenerali Hugh Rose aliuzingira mji. Kuta zilipobomolewa mwanzoni mwa Aprili, Rani alitoroka usiku juu ya farasi, na mapokeo yanasema Damodar Rao alikuwa amefungwa mgongoni mwake. Alikwenda mbio hadi Kalpi, safari ya zaidi ya kilomita 100, huku wapanda farasi wa adui wakimfuata nyuma. Mafunzo ya utotoni ndiyo yaliyomwokoa yeye na mtoto.

Kutoka Kalpi aliungana na wenzake kuiteka Gwalior. Huko, kwenye mapigano ya Kotah-ki-Serai mwezi Juni 1858, akiwa amevaa kama askari, alijeruhiwa vibaya akafa. Mapokeo yanaeleza kwamba siku hiyo alipanda farasi mgeni, na kwamba walipofika kwenye kijito mnyama yule aligoma kuruka. Farasi mgeni hakuijua sauti yake. Uelewano wa aina ile hauazimwi siku ya vita, hujengwa kwa miaka.

Damodar Rao alisalimika, akaishi hadi mwaka 1906. Mwaka 1943, Subhas Chandra Bose alipounda kikosi cha wanawake katika jeshi lake la ukombozi kule Singapore, alikipa jina la Rani wa Jhansi.

Tunapoadhimisha mwaka huu wa hekalu letu, sisi na majirani zetu, tumkumbuke pia Moropant Tambe, baba aliyebaki peke yake na binti mdogo. Angeweza kumketisha ndani akingoja mchumba, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimwacha ashike hatamu pamoja na wavulana. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba siku moja mji mzima ungemtegemea binti huyo. Mabinti zetu nao wanakua mbele ya macho yetu, na kila mzazi anayesoma ukurasa huu ajiulize ni hatamu ipi amemkabidhi wake.