BIBI IDA B. WELLS: MWANAMKE ALIYEWADAI WALINZI HESABU

Ndugu msomaji, kila jamii ya wanadamu huwakabidhi baadhi ya watu wake silaha, funguo za jela na mamlaka ya kumkamata mtu, ili wengine wapate kulala kwa amani. Mamlaka hayo ni amana. Mlinzi akiitunza, raia humkimbilia saa ya hatari. Akiifanyia hiana, raia humkimbia yeye kabla ya kumkimbia mwizi. Kwa miaka mingi imesemwa huko Marekani kwamba watu Weusi hawawaamini polisi, na aghalabu husemwa kana kwamba hayo ni maradhi ya nyoyo zao tu. Maisha ya mwanamke ninayekusimulia mwezi huu yanaonyesha maradhi hayo yalitoka wapi, na kwa mfano mmoja ulio wazi yanaonyesha pia dawa yake.

Kuzaliwa na Malezi

Ida Bell Wells alizaliwa tarehe 16 Julai 1862 katika mji wa Holly Springs, jimbo la Mississippi. Wazazi wake, James na Elizabeth, walikuwa watumwa, na yeye mwenyewe alizaliwa utumwani, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikiendelea nchini humo. Baada ya uhuru wazazi wake walimpeleka shule, wakamlea katika dini ya Kikristo na katika kupenda elimu.

Mwaka 1878 homa ya manjano iliingia mjini ikawachukua baba yake, mama yake na mdogo wake mchanga. Ida alikuwa na umri wa miaka 16. Jamaa na marafiki walikutana wakashauriana kuwagawa wale watoto waliobaki, huyu aende kwa fulani na yule kwa fulani. Yeye alikataa. Akavaa nguo ndefu za kikubwa, akafanya mtihani wa ualimu, akaanza kufundisha shule ya shamba ili awalishe wadogo zake. Tabia hii, ya kukataa jambo lililokwisha amuliwa na wakubwa iwapo aliona si haki, haikumwacha mpaka kufa.

Baadaye alihamia Memphis katika jimbo la Tennessee. Huko aliwahi kutolewa kwa nguvu katika behewa la gari moshi ambalo alikuwa amelipia nauli, kwa sababu tu ya rangi yake. Akaishitaki kampuni ya reli, na mwaka 1884 mahakama ikaamuru alipwe dola 500. Lakini mwaka 1887 mahakama kuu ya jimbo ikaitengua hukumu hiyo. Hapo alijifunza kwamba sheria iliyoandikwa vizuri haimfai kitu mtu ikiwa waliopewa kuitekeleza hawamhesabu kuwa mtu.

Msiba wa Memphis

Mwaka 1889 alinunua sehemu ya gazeti la watu Weusi mjini humo, akawa mwandishi wake. Miongoni mwa marafiki zake alikuwamo Thomas Moss, tarishi wa posta, ambaye pamoja na wenzake walifungua duka la vyakula nje kidogo ya mji. Duka hilo liliendeshwa vizuri, likamnyang'anya wateja Mzungu mmoja aliyekuwa na duka jirani. Mwezi Machi 1892 ugomvi wa watoto waliokuwa wakicheza gololi ukawaingia watu wazima, na yule mwenye duka akaupeleka mahakamani.

Usiku wa tarehe 5 Machi watu wenye silaha walilifikia duka la Moss. Walikuwa wasaidizi wa sherifu, yaani wa yule mkuu wa usalama wa wilaya anayechaguliwa kwa kura, ambaye pia ndiye mlinzi wa jela. Hawakuvaa sare. Waliokuwa dukani walidhani ni lile kundi walilotishiwa nalo, wakafyatua risasi, na wasaidizi watatu wakajeruhiwa. Kesho yake watu Weusi wengi walikamatwa majumbani mwao. Askari wa kujitolea wa Kiafrika wakalinda jela kwa usiku kadhaa ili mahabusu wasije wakauawa. Kisha wakanyang'anywa silaha zao. Alfajiri ya tarehe 9 Machi watu waliofunika nyuso waliingia jela, wakamtoa Thomas Moss na wenzake wawili, Calvin McDowell na Will Stewart, wakawapeleka kando ya reli wakawapiga risasi. Hakuna aliyeshitakiwa kwa mauaji hayo.

Tafakari, ndugu msomaji, mpango wa mambo yale. Aliyewakamata ni serikali. Aliyezifunga silaha za walinzi wao ni serikali. Aliyekuwa na funguo za jela ni serikali. Na walipouawa, serikali ikasema haiwajui wauaji. Wahenga wetu walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nani basi angewalaumu watu wa Memphis kwa kushtuka kila walipomwona askari?

Bibi Ida aliandika akiwashauri watu wake wauhame mji usiowalinda, na maelfu waliondoka, wengi wakielekea Oklahoma. Waliobaki wakasusia tramu. Mwezi Mei mwaka huo, akiwa safarini mashariki mwa nchi, alichapisha maneno ya kukanusha kisingizio kilichozoeleka, kwamba watu Weusi huuawa kwa sababu ya kuwaingilia wanawake wa Kizungu. Kundi likavunja ofisi ya gazeti lake, na yeye akaonywa kwamba akirudi atauawa. Hakurudi kuishi Memphis tena.

Kalamu na Hesabu

Katika vijitabu vyake vya mwaka 1892 na mwaka 1895 alifuata njia ambayo adui zake hawakuweza kuijibu. Alichukua habari zilizochapishwa na magazeti ya Wazungu wenyewe, akahesabu waliouawa, mahali na tuhuma iliyotajwa. Ikaonekana kwamba idadi kubwa hawakutuhumiwa hata kwa kile kisingizio. Alisafiri Uingereza mwaka 1893 na mwaka 1894 kuyaeleza hayo. Mwaka 1895 aliolewa na Ferdinand Barnett, mwanasheria wa Chicago, wakafanya makazi yao katika mji huo na kuzaa watoto wanne.

Mwaka 1900 aliandika juu ya ghasia za New Orleans. Watu wawili Weusi walikuwa wameketi usiku kwenye ngazi za nyumba. Polisi wakawajia, mmoja wao akamshika Robert Charles, na pambano likaishia kwa risasi. Charles alikimbia, akawaua polisi waliokwenda kumkamata, na kwa siku kadhaa makundi yakawaua watu Weusi wasiohusika, hata naye akauawa pamoja na wengine. Magazeti yalianza habari pale polisi alipouawa. Bibi Ida aliianza pale watu wawili walipokuwa wameketi bila ya kosa wala hati ya kukamatwa. Hiyo ndiyo tofauti ya mwenye kutafuta ukweli: huuliza jambo lilianzia wapi.

Sherifu wa Cairo

Sasa tufike katika jambo ambalo kwalo nimemchagua mwanamke huyu. Mji wa Cairo ninaoutaja si ule wa Misri, bali ni mji mdogo kusini kabisa mwa jimbo la Illinois, pale mto Ohio unapoungana na Mississippi. Mwezi Novemba 1909 msichana wa Kizungu aliuawa huko, na mtu Mweusi jina lake Will James akakamatwa kwa tuhuma. Sherifu Frank Davis, badala ya kumfunga jela na kuita watu wa kumlinda, alimpandisha gari moshi akaenda kujificha naye porini. Kundi likawafuata, likamnyakua mahabusu bila ya sherifu kufyatua risasi hata moja. Tarehe 11 Novemba Will James aliuawa mjini Cairo mbele ya maelfu ya watu, na mwili wake ukachomwa moto.

Lakini Illinois ilikuwa na sheria ya mwaka 1905, iliyopelekwa bungeni na mbunge Mweusi, Edward Green. Sheria hiyo ilisema kwamba mahabusu akinyakuliwa mikononi mwa sherifu na kuuawa na kundi, sherifu hupoteza kazi yake. Anaweza kumwomba Gavana amrudishe, ila lazima athibitishe kwamba alifanya kila lililowezekana kumlinda. Gavana Charles Deneen akamwondoa Davis, naye Davis akaomba arudishwe.

Mumewe alimweleza Bibi Ida kwamba lazima mtu aende Cairo kukusanya ushahidi. Yeye alisita. Alikuwa amechoka kulaumiwa na viongozi wanaume kwamba hupenda kujitanguliza. Inasimuliwa kwamba ni mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 13, aliyemwendea akamwambia kwamba yeye asipokwenda hakuna atakayekwenda. Akapanda gari moshi.

Alipofika alikuta jambo zito kuliko alivyotazamia. Watu Weusi wa mji ule walikuwa wametia sahihi barua za kumwombea Davis arudishwe! Walisema alikuwa rafiki yao, aliwapa baadhi yao kazi ya usaidizi, na aliyeshika nafasi yake alikuwa amekwisha waachisha. Wengine walisema Will James pengine alikuwa na hatia kweli. Bibi Ida aliwajibu kwamba awe na hatia au asiwe nayo, alistahili kulindwa na kuhukumiwa na mahakama. Na kwamba wakimwombea mlinzi aliyemwacha mahabusu auawe, watakuwa wameridhia ya kwamba kesho atolewe mwingine. Akawakusanya, wakazungumza, na mkutano ukapitisha azimio la kupinga.

Akaenda Springfield, makao makuu ya jimbo. Upande wa Davis walisimama wanasheria pamoja na mbunge, wakiwa na barua za wakubwa wa mji na za watu Weusi pia. Upande wa pili alisimama yeye, mwanamke asiye mwanasheria, na hoja alizoandikiwa na mumewe. Mwanasheria mmoja Mweusi wa pale akajiunga naye kumsaidia. Hakutukana wala hakulia. Alieleza alichokiona na kuuliza: Kwa nini mahabusu hakufungwa jela? Kwa nini hawakuapishwa wasaidizi? Ni wapi sherifu alipomkinga mtu wake? Mwezi Desemba 1909 Gavana alitoa uamuzi: Davis hatarudi.

Matunda yake hayakuchelewa. Mwezi Februari 1910, katika mji ule ule wa Cairo, kundi lilivamia tena kumtoa mahabusu Mweusi. Safari hii sherifu mpya na wasaidizi wake, wakiwamo watu Weusi, walisimama mlangoni na kufyatua risasi. Mtu mmoja wa kundi aliuawa, na mahabusu akabaki hai. Mji haukuwa umebadilika nyoyo kwa miezi mitatu. Kilichobadilika ni kwamba mlinzi alijua ataulizwa.

Miaka ya Baadaye

Mwaka 1910 alianzisha Chicago jumuiya ya kuwasaidia vijana Weusi waliokuwa wakifika mjini kutafuta kazi, na baadaye akawa ofisa wa mahakama wa kuwaangalia wahukumiwa walioachwa nje ya jela.

Tarehe 23 Agosti 1917 huko Houston, Texas, polisi walimtoa mwanamke Mweusi nyumbani kwake kwa kumdhalilisha, wakampiga askari wa jeshi Mweusi aliyeingilia kati, kisha wakampiga koplo aliyekwenda kuuliza habari. Usiku ule askari zaidi ya 100 waliingia mjini na bunduki, na watu wapatao 20 wakafa. Tarehe 11 Desemba askari 13 walinyongwa bila ya kupewa nafasi ya kukata rufani. Bibi Ida alitengeneza beji za kuwakumbuka. Maofisa wa serikali walimwendea wakamtishia kumshitaki kwa uhaini; alikataa kuwapa beji hizo, wakaondoka. Mwezi Novemba 2023 Jeshi la Marekani lilizitengua hukumu za askari 110 wa mkasa ule.

Mwezi Julai 1919 aliandika gazetini akionya kwamba mabomu yaliyokuwa yakitupwa katika nyumba za watu Weusi wa Chicago bila ya mtu kuadhibiwa yangeleta maafa. Tarehe 27 mwezi huo kijana Mweusi aliyekuwa akiogelea alifia majini kwa kupigwa mawe, na polisi aliyekuwapo akakataa kumkamata Mzungu aliyetuhumiwa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, Weusi 23 na Wazungu 15. Naye akazunguka akikusanya ushahidi, kama ilivyokuwa desturi yake.

Bibi Ida B. Wells alifariki Chicago tarehe 25 Machi 1931. Sheria ya nchi nzima aliyoipigania dhidi ya mauaji ya makundi ilitiwa sahihi mwezi Machi 2022, miaka 91 baada ya kifo chake. Tarehe 4 Mei 2020 alitunukiwa heshima ya Pulitzer kwa kazi yake ya uandishi. Majuma matatu baadaye George Floyd alikufa mjini Minneapolis chini ya goti la polisi, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu polisi huyo kuwa muuaji.

Mafunzo Kwetu

Ndugu msomaji, watu hupenda kuwahubiria wanyonge wawaamini walinzi wao. Bibi Ida aliligeuza jambo hilo likakaa sawa: imani haiombwi, huzaliwa pale mlinzi anapoulizwa juu ya kila roho iliyowekwa mikononi mwake, na asipokuwa na jibu akaondoka. Tena alitufundisha kwamba mwenye kudhulumiwa naye ana wajibu. Asiuze haki ya ndugu yake kwa vyeo vichache vya usaidizi, wala asingoje mtuhumiwa awe mwema ndipo amtetee. Will James hakuwa na jamaa wala rafiki aliyesimama mbele ya Gavana. Alisimama mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, akamdai mlinzi hesabu yake. Nasi, kila mmoja mahali pake, tujiulize ni hesabu ya nani tumeinyamazia.